Njia ya Hewani toka London mpaka Cape Town

Mwalimu aliye na tufe la dunia darasani na kipande cha uzi aweza kuwafundisha wanafunzi wake jambo moja ambalo ramani iliyotundikwa ukutani hailionyeshi vema. Na aiweke ncha moja ya uzi juu ya London, na ncha ya pili juu ya Cape Town, kisha auvute mpaka ukaze. Uzi utapita juu ya Ufaransa, utavuka bahari ya Mediterania, utaingia katika jangwa la Sahara upande wa Algeria, utashuka juu ya Nigeria na Kameruni na Gabon, na kutoka hapo utafuatana na pwani ya Angola na Namibia mpaka mwisho wake. Ndio mwendo mfupi kuliko yote kati ya miji hiyo miwili, yapata maili 6,000, yaani kilometa 9,600 na zaidi kidogo.

Wanafunzi wataona mara moja kwamba uzi huo haukaribii nchi yetu. Toka Dodoma mpaka mahali uzi unapopita ni zaidi ya maili 1,500 kuelekea magharibi. Walakini katika mwaka 1932 barua iliyotoka London kwenda Cape Town kwa eropleni ilipita Moshi, ikapita Dodoma, ikapita Mbeya. Mwanafunzi mwenye akili atauliza kwa nini watu wenye haraka waliacha njia fupi wakaja kuzunguka kwetu, na tena kwa nini baadaye walituacha. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza hapa, maana watu wengi hudhani kwamba kujua saa za safari ni kugawanya maili kwa mwendo wa chombo tu, na kumbe sivyo.

Kabla ya eropleni njia ilikuwa bahari. Merikebu za barua za kampuni ya Union-Castle zilitoka Southampton kila juma, na mwanzoni mwa karne ya ishirini zilifika Cape Town kwa siku 17. Katika mwaka 1936 merikebu zenye nguvu zaidi zilipunguza siku hizo zikawa 14. Zilikuwa safari za hakika sana, hata watu wa Cape Town walijua siku ya barua kama wajuavyo siku ya soko. Basi chombo chochote cha hewani kilichotaka kusifiwa kilipaswa kuzishinda siku 17 hizo, tena kwa hakika ile ile. Mengi yatakayofuata yatafahamika vizuri zaidi msomaji akikumbuka hesabu hii.

Vita vya 1914 mpaka 1918 vilipokwisha, Waingereza waliitazama ramani ya Afrika wakaona jambo ambalo halikuwapo kabla ya vita. Nchi ya Tanganyika ilikuwa imetoka mikononi mwa Wadachi, na sasa toka Misri mpaka Cape palikuwa na nchi zilizoshikana, Misri, Sudan, Uganda, Kenya, Tanganyika, Rhodesia na Afrika Kusini, na zote zilikuwa chini ya amri yao au katika milki yao. Rubani aliyepita njia hiyo hakuhitaji kuomba ruhusa ya mfalme mwingine. Upande wa magharibi, ambako uzi wetu wapita, palikuwa na Wafaransa, na Wabelgiji, na Wareno. Tena palikuwa na Sahara, na mtu aliyeharibikiwa na mtambo katika Sahara alikuwa karibu na kifo. Upande wa mashariki palikuwa na mto Nili wa kuufuata kwa macho, palikuwa na reli, na maziwa, na watu. Kwa hiyo walichagua kuzunguka. Maili zilizidi, zikawa yapata 8,000 badala ya 6,000, lakini zilikuwa maili walizoweza kuzipita.

Hata hivyo eropleni haiwezi kutua porini, na viwanja havikuwapo. Mwisho wa mwaka 1918 vikundi vitatu vya askari wa jeshi la anga walitumwa kutafuta mahali na kutengeneza viwanja toka Cairo mpaka Cape. Tungependa msomaji akae kidogo hapa, maana sehemu hii ya habari hupitiwa haraka sana. Katika nchi zetu za juu adui wa kiwanja ni kichuguu. Si vile vichuguu vidogo ambavyo mtoto huvipiga teke, bali vile vikubwa kama nyumba, vyenye mti juu yake, vilivyokauka vikawa kama jiwe. Pale Ndola, Rhodesia ya Kaskazini (ndiyo Zambia ya leo), watu 700 walifanya kazi kwa miezi mitano katika mwaka 1919, wakiondoa yapata tani 25,000 za udongo wa vichuguu, na kazi hiyo waliifanya kwa mikono. Hicho kilikuwa kiwanja kimoja tu katika vingi. Vitabu vyawataja marubani kwa majina na vyeo. Hao 700 vyawataja kwa hesabu.

Katika mwaka 1920 marubani wakaja. Wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka Brooklands karibu na London tarehe 4 Februari katika eropleni iliyoitwa Silver Queen. Karibu na Korosko, katika Misri, rejeta ilivuja maji, nao wakalazimika kushuka usiku, na eropleni ikavunjika. Wakatoa mitambo yake, wakaitia katika eropleni nyingine ya namna ile ile waliyopewa Misri, wakaendelea. Hiyo ya pili ilivunjika Bulawayo ilipokuwa ikiondoka. Wakapewa ya tatu, ndogo zaidi, na kwa hiyo wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Ilikuwa siku 45 tangu kuondoka kwao. Serikali ya Afrika Kusini iliwapa pauni 5,000 kila mmoja, na mfalme wa Uingereza akawapa cheo.

Sasa na tufanye hesabu. Siku 45 ni saa 1,080. Muda waliokuwa hewani hasa ulikuwa saa 109 na nusu. Yaani katika kila saa kumi za safari, saa moja tu waliruka. Saa tisa walikuwa chini, wakitengeneza, wakilala, wakingoja petroli au eropleni nyingine. Mtu akiuliza, "Toka London mpaka Cape Town ni saa ngapi?" majibu yote mawili ni ya kweli, nayo yamepitana mara kumi. Na merikebu ya siku 17, pamoja na uzee wake, iliwashinda mbali.

Wengine hawakufika kabisa. Gazeti la The Times la London lilimtuma Dk. Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama, asafiri pamoja na marubani Cockerell na Broome. Waliondoka tarehe 24 Januari 1920, siku nyingi kabla ya Silver Queen, wakashuka kwa taabu mpaka Tabora. Hapo Tabora, tarehe 27 Februari, eropleni yao ilianguka ilipokuwa ikijaribu kuruka, na safari ikaishia hapo. Watu wenyewe walisalimika. Wanyamwezi walikuwa wameona misafara mingi ikifika Tabora na kupumzika na kuendelea. Huu wa hewani ulifika ukakwama.

Kwa nini Tabora, na kwa nini Bulawayo? Si bahati mbaya tu. Miji hiyo imekaa juu sana, kila mmoja yapata futi 4,000 au zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua likipanda huzidi kuwa nyepesi. Bawa huinuliwa na hewa inayopita juu na chini yake; hewa ikiwa nyepesi, bawa hupata mkono dhaifu wa kulishika, na mtambo nao hupungukiwa na pumzi. Eropleni iliyoruka vizuri kando ya bahari huko Uingereza, ikiwa na mzigo ule ule, hapa hukimbia uwanja mzima bila kuinuka. Marubani wa siku zile walijifunza kuondoka alfajiri kabla ya jua kukaza, sawasawa na wapagazi wa zamani, ingawa sababu zao ni mbalimbali.

Aliyeonyesha kwamba safari hiyo yawezekana kwa utaratibu ni Alan Cobham. Aliondoka Croydon tarehe 16 Novemba 1925 pamoja na fundi wake na mpiga picha, akaenda polepole akiangalia viwanja vyote, akafika Cape Town tarehe 17 Februari 1926. Kurudi kwake hakukuwa kwa polepole. Alifika Croydon tarehe 13 Machi, baada ya siku kama 15 hivi za njiani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kuona kwa macho yao kwamba eropleni moja, bila kubadilishwa, yaweza kuzishinda siku 17 za merikebu.

Ndipo ikaja kazi ya kila juma. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari ya barua toka Croydon mpaka Mwanza. Naam, Mwanza, mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya hewa itokayo London, na barua za Ulaya zilishuka juu ya maji ya ziwa. Tarehe 20 Januari 1932 njia iliongezwa mpaka Cape Town, kwanza kwa barua, na mwezi Aprili kwa abiria waliokuwa na pauni 130 za nauli. Safari yote ilikuwa siku 11.

Msomaji asidhani kwamba abiria aliketi katika eropleni moja siku 11. Alipanda eropleni toka Croydon mpaka Paris. Ruhusa ya kuruka juu ya Italia haikupatikana kwa namna iliyotakiwa, basi toka Paris mpaka Brindisi alikwenda kwa gari la moshi. Toka Brindisi alivuka bahari kwa eropleni ya majini mpaka Alexandria. Toka Alexandria gari la moshi tena mpaka Cairo. Toka Cairo eropleni ya nchi kavu mpaka Khartoum. Toka Khartoum eropleni ya majini mpaka Kisumu. Na toka Kisumu eropleni ya nchi kavu mpaka mwisho. Usiku alilala hotelini, kwa kuwa rubani hakuruka gizani juu ya nchi isiyo na taa. Eropleni yenyewe ilikwenda maili 100 au zaidi kidogo kwa saa. Kwa maili 8,000 zingetosha saa 80, chini ya siku nne. Hizo siku saba zaidi zilikwenda wapi? Zilikwenda katika kulala, na kula, na kubadilisha vyombo, na kutia petroli.

Na hiyo petroli ndiyo iliyoileta njia mpaka milangoni petu. Toka Nairobi mpaka Moshi ni yapata maili 150 kwa mstari ulionyoka. Toka Moshi mpaka Dodoma yapata 220. Toka Dodoma mpaka Mbeya yapata 245. Toka Mbeya mpaka Mpika yapata 240. Hesabu hizi zimelingana kwa sababu. Eropleni ya siku zile, ikiisha kubeba watu na barua, haikuwa na nafasi ya petroli ya kwenda mbali sana, tena ilipaswa kubaki na akiba ya kuikimbia mvua au kurudi ilikotoka. Misafara ya zamani toka Bagamoyo mpaka Ujiji haikwenda kwa mstari. Ilikwenda toka kisima mpaka kisima, na mji uliokuwa na maji ulipata wageni na habari na biashara. Eropleni ya 1932 nayo ilikuwa msafara, na kisima chake kilikuwa pipa la petroli lililowekwa kando ya uwanja wa Dodoma.

Mtu aliyekaa Mbeya katika miaka hiyo alikuwa na jambo ambalo watu wa miji mikubwa mingi ya dunia hawakuwa nalo: njia ya hewa ya kwenda London upande mmoja na Cape Town upande wa pili, kila juma, kwa saa ijulikanayo. Hatusemi kwamba mkulima wa Mbeya aliipanda. Nauli peke yake ilimfungia mlango. Tunasema kwamba njia ilipita uwanjani kwake.

Neema hiyo haikudumu. Katika mwaka 1937 serikali ya Uingereza ilitaka barua zote za kawaida zichukuliwe kwa eropleni bila malipo ya zaidi, kwa peni moja na nusu. Mzigo ukazidi sana. Zikaundwa eropleni kubwa za majini, na mwezi Juni mwaka ule zikaanza kutoka Southampton mpaka Durban. Eropleni ya namna hiyo haihitaji uwanja. Bandari ndiyo uwanja wake, wala bandari haina vichuguu. Basi toka Kisumu njia iliruka mpaka Mombasa, na toka hapo Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira, Lourenço Marques (leo Maputo) na Durban. Lindi ikapata bahati. Moshi, Dodoma na Mbeya zikaachwa na barua za London. Hakuna aliyezifanyia ubaya. Chombo kilibadilika, na kisima kikabadilika pamoja nacho.

Wakati huo huo njia ya uzi ilianza kufunguka upande wa magharibi. Mwezi Februari 1939 kijana Mwingereza, Alex Henshaw, akiwa peke yake katika eropleni ndogo iliyojaa petroli karibu mpaka masikioni, alivuka Sahara, akapita Gao na Libreville, akafika Cape Town kwa saa 39 na dakika 23. Alipumzika yapata siku moja akarudi kwa njia ile ile, na kurudi kulimchukua saa 39 na dakika 36. Hakuchukua abiria wala barua ya mtu, na aliporudi nyumbani ilibidi ashikwe mkono kushuka. Lakini alikuwa ameonyesha ni nini kitakachotokea chombo kikiwa na petroli ya kutosha: kitakwenda kwa mstari.

Vita vya pili vilichelewesha jambo hilo na kuliharakisha. Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, njia ya Mediterania ilikatika, na kwa muda eropleni za majini zilikwenda toka Durban kupitia pwani yetu na Misri mpaka Bara Hindi na Australia, mfano wa kiatu cha farasi. Lakini vita hivyo hivyo viliacha viwanja vikubwa vyenye sakafu ngumu kila mahali, na ndege za kwenda mbali. Eropleni za majini ziliondolewa katika njia ya Afrika Kusini mwaka 1950. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti iitwayo Comet iliondoka London ikiwa na abiria 36, ikatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ikafika Johannesburg chini ya saa 24. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria waliolipa nauli kwa ndege ya jeti. Ilitua Afrika Mashariki mara moja tu, Entebbe, wala haikutua hata mara moja Tanganyika. Baada ya miaka miwili Comet mbili ziliangukia baharini karibu na Italia, kwa kuwa bati la mwili wake lilichoka na kupasuka, na nyingine zote zikazuiwa kuruka. Lakini njia ya vituo vichache haikurudi nyuma.

Bado tulidhani, nasi hatukuwa peke yetu, kwamba tangu hapo saa za safari zingepungua tu. Kumbe mwaka 1963 ziliongezeka. Nchi nyingi za Afrika zilizokuwa zimepata uhuru zilizikataza ndege za shirika la Afrika Kusini kupita juu ya ardhi yao, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa serikali ile. Ndege hizo zikalazimika kulizunguka bega lote la Afrika juu ya bahari ya Atlantiki, zikitua kisiwa cha Sal katika Cabo Verde kutia mafuta. Ndege za Uingereza ziliendelea kupita juu ya bara. Hivyo ndege mbili zilizotoka London siku moja, zenye mitambo ya namna moja, zikielekea nchi moja, zilikuwa na saa mbalimbali za safari. Wala si upepo uliozitenganisha, wala si petroli. Katazo hilo liliondolewa baada ya 1990, ubaguzi ulipoanza kuvunjwa.

Leo abiria hupanda ndege London jioni na kushuka Cape Town asubuhi, baada ya saa 11 na nusu hivi, bila kutua popote. Kwa kuwa amekwenda kusini wala si mashariki, saa yake ya mkononi huisogeza saa moja au mbili tu, na mwili wake hausumbuki kama wa mtu atokaye London kwenda Japani. Hupita karibu kabisa na uzi wetu wa darasani, na Gabon huipita usiku wa manane.

Kiwanja cha zamani cha Mbeya kilibaki na ndege za abiria za ndani mpaka mwaka 2012, zilipohamishiwa kiwanja kipya cha Songwe. Mtu wa Mbeya atakaye kwenda Cape Town kwa ndege hukata kwanza tiketi ya Dar es Salaam. Ndege huondoka, hugeukia mashariki, naye huanza safari yake kwa kuipa Cape Town kisogo.